Je, Sederi ndiyo Pasaka aliyokula Yesu?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kwaya katika usharika mmoja mkoani Kilimanjaro. Mwezi uliopita tulipata mgeni aliyetufundisha kwa siku tatu juu ya 'mizizi ya Kiebrania'. Alisema Pasaka yetu ni ya kipagani, imepewa jina la mungu mke wa Wazungu. Kwamba Konstantino, kaisari wa Roma, ndiye aliyetutoa kwenye Sabato akatuleta Jumapili. Na kwamba jina sahihi ni Yeshua, anayeomba kwa jina la Yesu anapoteza muda. Anataka Alhamisi Kuu tuache Meza ya Bwana, tuchome mwanakondoo na kula Sederi kamili, ule mlo wa Kiyahudi wa usiku wa Pasaka, kama aliyokula Yesu: vikombe vinne vya divai na matza tatu, yaani mikate isiyotiwa chachu, ile ya katikati ikivunjwa na kufichwa kwa sababu inamwonyesha Mwana. Kila kaya ichange shilingi 30,000. Vijana wamefurahi sana. Ila bibi yangu, mwenye miaka 81 na aliyebatizwa akiwa mtoto mchanga, tangu semina ile hataki kushiriki Meza ya Bwana. Ananiuliza, 'Mjukuu wangu, kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa naabudu nini?' Sina jibu. Naomba msaada wako."

Marahaba, mwanangu. Nianze na bibi, maana swali lake ndilo zito kuliko yote uliyoandika. Mwambie alikuwa anamwabudu Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, na kwamba sehemu kubwa ya maneno aliyotumia kumwabudia yametoka midomoni mwa Wayahudi kabla ya kufika Uchagani. Kila aliposema amina alisema Kiebrania. Kila alipoimba aleluya au hosana, vivyo hivyo. Nitarudi kwake mwishoni, kwa sababu kuna jambo moja ningependa umpelekee.

Mgeni wenu amechanganya mambo mawili. La kwanza ni kweli: imani ya Kikristo ina mizizi ya Kiyahudi, na mizizi hiyo ni mirefu kuliko hata alivyowaambia. La pili si kweli: kwamba ili kuifikia mizizi hiyo lazima tuige wanachofanya Wayahudi wa leo, kana kwamba wao wamehifadhi bila kubadilika ibada za siku za Yesu. Wayahudi wenyewe hawadai hivyo.

Madai madogo kwanza, tuyaondoe njiani.

Hoja ya mungu mke ina maana kwa Waingereza na Wajerumani tu, wanaoiita sikukuu hii Easter na Ostern. Mtawa wa Uingereza aitwaye Bede aliandika mwaka 725 kwamba jina la Kiingereza limetokana na mungu mke Eostre, naye ndiye shahidi pekee wa kale wa habari hiyo. Hata akiwa sahihi, alikuwa anaeleza jina la mwezi katika lugha ya kwao, huku sikukuu yenyewe ikiwa imeshasherehekewa kwa karne nyingi. Sisi tunasema Pasaka. Ni neno la Kiebrania, pesakh, lililopitia Kigiriki likatufikia, na kwa Kiswahili sikukuu ya Musa na ya ufufuo zina jina moja. Anayehubiri kwa Kiswahili kwamba Pasaka ni jina la kipagani amekariri hotuba ya mtu mwingine bila kulisikiliza neno lililo mdomoni mwake.

Konstantino alitoa sheria ya mapumziko ya Jumapili mwaka 321. Lakini karibu mwaka 155 Justino, mwandishi Mkristo aliyekuwa akiishi Roma, alikuwa tayari ameeleza kwa maandishi jinsi Wakristo wanavyokusanyika Jumapili: husoma maandiko ya mitume au ya manabii, husikiliza mahubiri, huomba, kisha huleta mkate na divai. Hiyo ni zaidi ya miaka 160 kabla ya sheria ile. Nami sitakuficha upande wa pili. Agano Jipya halina mstari unaosema "Sabato imehamishiwa Jumapili", na Wakristo wa kwanza waliozaliwa Wayahudi waliendelea kushika Sabato. Ndugu zetu Wasabato wana hoja ya kujibiwa kwa Maandiko. Ila kumtupia Konstantino lawama hiyo ni historia mbovu.

Na Yeshua? Ndiyo, kwao Nazareti inaelekea aliitwa hivyo, jina lile lile la Yoshua kwa kifupi. Lakini walioandika Agano Jipya, wengi wao Wayahudi, waliandika kwa Kigiriki, nao waliandika Iesous bila wasiwasi wowote. Kama wao hawakuona dhambi kulipitisha jina katika lugha nyingine, sijui nani amempa mgeni wenu ulinzi wa lango hilo.

Sasa tuje kwenye Sederi.

Nilipokuwa mwanafunzi Jerusalem nilipanga chumba karibu na familia moja ya Kiyahudi. Usiku wa kuamkia siku ya Pasaka baba wa nyumba alizima taa, akawasha mshumaa, akapita na watoto kila pembe wakitafuta chachu. Mkononi alikuwa na unyoya na kijiko cha mbao. Mkewe alikuwa ameficha vipande vidogo vya mkate kwenye rafu na chini ya kochi ili watoto wapate cha kupata, na kila kipande kilipofagiwa kwa unyoya kuingia kijikoni walipiga kelele kama wamekamata mwizi. Asubuhi vyote vilichomwa uani. Jioni waliniita mezani. Mtoto mdogo kuliko wote akauliza kwa wimbo kwa nini usiku huu ni tofauti na mingine, na wakubwa wakatumia saa nne kumjibu. Kuna mboga chungu, kuna maji ya chumvi kwa ajili ya machozi, kuna mchanganyiko mtamu wa matunda na njugu unaofanana na udongo wa matofali ya Misri. Na kwenye sahani kuna mfupa uliochomwa, ambao hakuna anayeugusa.

Mfupa ule nimeufikiria mara nyingi, kwa sababu ndio unaoeleza kila kitu. Katika siku za Yesu, Pasaka ilikuwa mwanakondoo. Ulimpeleka Hekaluni mchana wa tarehe 14 ya mwezi wa Nisani, akachinjwa, damu ikamwagwa kwenye madhabahu, nyama ukaichoma na kuila usiku huo ndani ya Jerusalem. Bila Hekalu hakuna mwanakondoo. Mwaka 70 majeshi ya Kirumi ya Tito yaliliteketeza Hekalu, na Wayahudi wakabaki na sikukuu isiyo na kiini chake. Marabi wakafanya kazi kubwa ya imani: wakaihamishia sikukuu mezani na kuijenga juu ya maneno, maswali, vikombe na mkate. Maelezo ya kwanza ya mlo huo tunayoweza kuyasoma yamo katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, iliyokusanywa karibu mwaka 200. Humo mna vikombe vinne, na agizo la Rabani Gamalieli kwamba asiyetaja pesakh, mkate usiotiwa chachu na mboga chungu hajatimiza wajibu wake. Kitabu kamili cha maneno ya usiku ule, Hagada, kilichukua karne nyingine kadhaa kupata umbo lake.

Baadhi ya vitu hivyo yawezekana vilikuwepo mapema: divai, kumweleza mtoto, kuimba Zaburi. Lakini Sederi kama ibada iliyopangwa ni jibu la Wayahudi kwa kubomoka kwa Hekalu, miaka 40 hivi baada ya Yesu kusulubiwa. Ndiyo maana mfupa unakaa sahanini bila kuliwa. Tena Wayahudi wengi wenye asili ya Ulaya usiku huo hawali kabisa nyama ya kuchoma, isije ikaonekana wanatoa sadaka ya Pasaka pasipo Hekalu. Kwa hiyo usharika wenu ukichoma mwanakondoo kwa jina la "Sederi kamili", mtakuwa mmefanya jambo ambalo nyumba ile niliyokaribishwa isingelifanya.

Matza tatu je? Maelezo ya Kiyahudi ni rahisi. Siku ya Sabato na sikukuu huwekwa mikate miwili mizima, kwa kumbukumbu ya mana iliyoshuka maradufu kabla ya Sabato jangwani. Usiku wa Pasaka unahitajika pia mkate wa kuvunja, "mkate wa mateso", mkate wa maskini asiyekula chote akijua kesho ipo. Miwili na mmoja ni mitatu. Kipande kinachofichwa huitwa afikomani, nalo ni neno la Kigiriki ambalo katika Mishna linaelekea kuhusu pumbao za baada ya chakula: marabi walikataza watu kutoka mezani kwenda kuendeleza karamu kwingine. Mkristo akiona pale mfano wa Kristo, hiyo ni tafakari yake na hakuna wa kumnyang'anya. Asiseme tu kwamba Wayahudi wamekuwa wakimficha Yesu kwenye kitambaa kwa miaka 2000 bila kujua. Ni kumwambia mwenye nyumba kwamba haelewi nyumba yake.

Basi Yesu alikula nini usiku ule? Hapa Injili zenyewe zinatutaka tuwe wanyenyekevu. Mathayo, Marko na Luka wanaueleza kuwa mlo wa Pasaka. Yohana anasema asubuhi iliyofuata viongozi hawakutaka kuingia kwa Pilato wasije wakajitia unajisi wakashindwa kula Pasaka. Kwake yeye Yesu anakufa siku ya maandalio, wakati wanakondoo wanachinjwa, na mifupa yake haivunjwi, kama Kutoka 12:46 inavyoagiza juu ya mwanakondoo. Wataalamu wamejaribu kuzipatanisha tarehe hizi kwa njia nyingi. Mimi zote zimenishinda kuziamini moja kwa moja. Kinachonivutia ni kwamba hakuna Injili hata moja inayotaja nyama ya mwanakondoo ikiwa mezani pale. Wanataja mkate, baraka, kikombe, na wimbo kabla ya kutoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Wimbo huo, kama ulikuwa wa Pasaka, ni mfululizo wa Zaburi 113 hadi 118, ambao Wayahudi wanauimba usiku huo mpaka leo.

Mzizi wenyewe uko kwenye neno ambalo bibi yako analisikia kila Meza ya Bwana: ukumbusho. Sisi tukisikia ukumbusho tunafikiria picha ya marehemu ukutani. Torati haifikirii hivyo. Katika Kutoka 13:8 baba anaagizwa kumwambia mwanawe kwamba sikukuu hii ni kwa sababu ya yale ambayo Bwana alinitendea mimi nilipotoka Misri. Mimi! Anayesema hivyo amezaliwa karne nyingi baada ya Farao. Mishna inakazia kwamba katika kila kizazi mtu ajione kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoka Misri. Kula kunamhamisha mlaji, kunamweka ndani ya tukio. Yesu aliposema fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu, wanafunzi wake walikuwa wamelelewa katika kumbukumbu ya namna hiyo. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho katika miaka ya 50, Hekalu likiwa bado limesimama, kwamba Kristo ndiye Pasaka wetu aliyetolewa sadaka. Aliandika hayo kwa watu ambao wengi wao hawakuwa Wayahudi, wala hakuwaagiza vikombe vinne.

Tena si kila kitu kina mzizi laini wa Kiyahudi. Torati inakataza vikali kunywa damu. Soma Walawi 17. Myahudi akisikia "hii ni damu yangu, nyweni" anashtuka, na katika Yohana 6 wengi walishtuka wakaondoka. Anayewaambia kwamba kila fundisho la Kikristo ni la Kiyahudi tupu anawapunguzia hata Wayahudi heshima, maana wao walikuwa na sababu zao za kukataa.

Kuna ushahidi mzuri zaidi wa mizizi kuliko Sederi, nao unapita kimyakimya kila wiki. Mwaka 1873 askofu mmoja wa Kigiriki, Philotheos Bryennios, alikuta Konstantinopoli nakala ya kitabu kidogo kiitwacho Didake, ambacho wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2. Sala zake za mkate na kikombe zinafanana mno na baraka za mezani za Kiyahudi: tunakushukuru, Baba, kwa ajili ya mzabibu mtakatifu wa Daudi. Kinaagiza kusali Baba Yetu mara tatu kwa siku, kwa mpigo wa sala za Kiyahudi. Halafu kinawaambia Wakristo wasifunge Jumatatu na Alhamisi pamoja na "wanafiki", bali Jumatano na Ijumaa. Pale unawaona ndugu wawili wa nyumba moja ambao wameanza kununiana lakini bado wanafunga mara mbili kwa wiki kama walivyofundishwa na mama mmoja.

Ubatizo nao uko hivyo. Kuzunguka Hekalu wachimbaji wamefukua mabirika mengi yenye ngazi za mawe, ambamo watu walizama kujitakasa kabla ya kupanda kuabudu. Myahudi alijizamisha mwenyewe, mara nyingi maishani. Yohana alileta jambo jipya: yeye ndiye aliyewazamisha wengine, kwa toba, ndiyo maana watu wakamwita Mbatizaji. Tendo ni la zamani, maana imegeuzwa. "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu" mnaoimba ni Isaya 6, na sinagogi nayo inauimba. Kusoma Maandiko kisha kuyafafanua ndicho alichofanya Yesu Nazareti katika Luka 4.

Kwa hiyo nionavyo mimi, Wayahudi wa leo na Wakristo ni matawi mawili yaliyokua baada ya mwaka 70 kutoka shina lile lile la Israeli ya kale. Tawi moja haliendi kwenye shina kwa kujifunga kwenye tawi jirani. Paulo katika Warumi 11 anatuita mzeituni mwitu uliopandikizwa, na anatuonya tusijisifu: shina ndilo linalotubeba. Matendo 15 inasimulia jinsi mitume wenyewe, Wayahudi wote, walivyokataa kuwatwika mataifa tohara na nira ya Torati. Mtu akiona wito wa kwenda njia hiyo mpaka mwisho, njia ipo, nayo si mchezo: Semei Kakungulu wa Uganda alisoma Agano la Kale, mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe, na jumuiya ya Abayudaya karibu na Mbale inaishi kama Wayahudi hadi sasa. Yeye hakununua matza kwa usiku mmoja.

Kuna jambo lingine linalonisumbua. Karibu mwaka 386 Yohane Krisostomo alihubiri Antiokia akiwakemea Wakristo waliokuwa wakienda kwenye sikukuu za Kiyahudi, na maneno yake ya kashfa yalitumiwa baadaye kuwaumiza Wayahudi kwa karne nyingi. Ulaya ya zama za kati, Wiki Takatifu ilikuwa msimu wa hofu kwa Wayahudi. Wengi wao leo wakiona kanisa limechukua Sederi na kuibandika tafsiri ya Kikristo wanaumia, na ninawaelewa.

Mfanye nini basi Alhamisi Kuu? Msiifute Meza ya Bwana. Hilo sina utata nalo. Mkitaka kuionja mizizi, someni Kutoka 12 kabla ya 1 Wakorintho 11, kama yanavyofanya makanisa mengi, na kwaya yako iimbe Zaburi ya 113 hadi 118, hata kama ni kwa kupokezana mistari tu. Haigharimu shilingi. Vijana wakitaka kuijua Sederi yenyewe, mchungaji aitengee jioni ya mafundisho siku nyingine, iitwe mafundisho na si ibada, na aseme wazi kwamba ni ya Wayahudi na imeundwa baada ya Hekalu. Bora zaidi ni kuwa mgeni. Nairobi kuna sinagogi tangu enzi za ukoloni. Barua ya adabu kutoka kwa mchungaji haiwezi kuwa tusi.

Michango isimame kwanza hadi baraza la wazee likae. Na mgeni wenu akianza kuwaambia watu watahiriwe, waache ndoa zao au wasiombe tena na ndugu zao, msingoje jibu la mtu wa mbali kama mimi: nendeni kwa mchungaji siku hiyo hiyo, na yeye ampelekee mkuu wa jimbo. Kwa mabishano ya Maandiko mtafuteni mwalimu wa Agano la Kale wa chuo cha teolojia kilicho karibu, akae nanyi ana kwa ana. Semina ya siku tatu haijibiwi kwa ukurasa mmoja.

Bibi naye anahitaji mtu, si karatasi. Mwombe mchungaji aende nyumbani kwake. Kabla hajafika, mpelekee habari hii. Mwaka 1979, katika makaburi ya kale kwenye Bonde la Hinomu, Jerusalem, wachimbaji walipata vipande viwili vya fedha nyembamba vilivyosokotwa kama sigara. Ilichukua miaka kuvikunjua bila kuvivunja, na kikubwa hakifiki hata sentimita 10. Vina umri wa miaka 2600 hivi. Kuna mtu alivivaa mwilini wakati Hekalu la Sulemani bado limesimama. Mwandishi alikuwa amekwaruza humo, kwa herufi ndogo mno, maneno ya baraka ya Haruni.

Ndiyo yale ambayo mchungaji wenu huyasema mwisho wa ibada akiwa ameinua mikono, na bibi akiwa ameinamisha kichwa: BWANA akubarikie, na kukulinda. Mwulize anakumbuka yanavyoendelea.